Nani Aliwafunza? Somo kwa Mkazi Kuhusu Mafunzo ya Watumishi wa Haki

Mkazi wa Nairobi anaweza kuishi miaka mingi bila kuingia mahakamani. Lakini siku simu yake inaponyakuliwa Barabara ya Tom Mboya, au kijana wake anapokamatwa katika msako Kawangware, ndani ya saa chache atakuwa mikononi mwa watu asiowajua: askari, mpelelezi, kiongozi wa mashtaka, hakimu, na pengine askari wa gereza. Somo la toleo hili linauliza swali moja: watu hawa hufunzwa wapi, na hufunzwa nini? Ukilijua jibu, utajua la kudai kutoka kwao, na utatambua mapema wanapokosea.

Kwa nini jambo hili ni lako

Huenda ukasema kwamba mafunzo ya polisi au ya hakimu ni mambo ya ndani ya serikali. Sivyo. Mwaka 2003, Mahakama ya Rufaa ilipoketi Mombasa, iliamua rufaa ya watu wawili waliokuwa wamepatikana na hatia. Jambo lililowaokoa halikuwa ushahidi mpya. Majaji waligundua kwamba aliyeendesha mashtaka katika mahakama ya chini alikuwa koplo wa polisi, ilhali sheria ya wakati huo ilitaka polisi anayefanya kazi hiyo awe na cheo kisichopungua inspekta msaidizi. Kesi nzima ikatangazwa kuwa batili. Baada ya uamuzi huo, wafungwa wengine walikata rufaa kwa hoja hiyo hiyo na kufaulu.

Fikiria maana yake. Kama mshtakiwa hakutenda kosa, alikaa gerezani kwa kesi ambayo haikustahili kuitwa kesi. Kama alitenda, mlalamishi alikwenda mahakamani, akatoa ushahidi, akarudi nyumbani akiamini mambo yamekwisha, kisha yote yakafutika. Pande zote mbili zilipata hasara kwa sababu mtu asiyestahili alipewa kazi ya mtu anayestahili. Ndiyo maana ujuzi wa watumishi wa haki ni kinga ya mlalamishi na ya mshtakiwa kwa pamoja.

Katiba inadai nini

Katiba ya mwaka 2010 haikuacha jambo hili kwa hiari ya wakubwa. Kifungu cha 244 kinaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi kuwafunza maafisa wake hadi kiwango cha juu kabisa cha umahiri na uadilifu, na kuwafunza kuheshimu haki za binadamu, uhuru wa kimsingi na utu. Kifungu cha 172 kinaipa Tume ya Huduma za Mahakama jukumu la kuandaa na kutekeleza mipango ya kuendelea kuwaelimisha majaji na maafisa wa mahakama.

Angalia neno hilo: kuendelea. Hakimu haachi kusoma siku anapoapishwa, wala polisi siku anapomaliza gwaride la kuhitimu. Mfano mmoja unatosha. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilisema kwamba mtoto wa miaka 8 anaweza kubeba lawama ya jinai. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri huo hadi miaka 12. Afisa aliyehitimu mwaka 2015 na asirudi darasani tena angeweza leo kumpeleka mahakamani mtoto wa miaka 10, akiamini kwa moyo safi kwamba anafuata sheria.

Kesi moja, mikono mingi

Njia rahisi ya kuielewa safari ya haki ni kufuata kesi moja ya kufikirika. Tuseme ni Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, karibu na Odeon. Abiria anapanda matatu ya kwenda Kangemi. Vijana wawili wanamsukuma, simu inanyakuliwa, watu wanapiga kelele za mwizi. Kijana mmoja anashikwa, mwingine anatokomea.

Hatua ya kwanza: barabarani

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inamruhusu mwananchi wa kawaida kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi anaweza kumkamatia mtu bila hati ya mahakama. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka amkabidhi mtu huyo kwa polisi au amfikishe katika kituo kilicho karibu bila kuchelewa. Haimpi ruhusa ya kumpiga, kumvua nguo wala kumwasha moto. Umati unaoua unatenda kosa kubwa kuliko lile la simu, na unaua pia nafasi ya kumpata mwenzake aliyetoroka.

Askari anayefika hapo, awe wa polisi au wa kaunti, ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kumwokoa mshukiwa na kumshikilia. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka polisi ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Pia inamtaka polisi aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya huduma mahali panapoonekana. Haya yamo katika sheria yenyewe, kwa hiyo mwananchi anayesoma jina la askari kifuani hamtukani.

Hatua ya pili: kituo cha polisi

Polisi wengi huanzia Kiganjo, kaunti ya Nyeri, au katika vyuo vya Embakasi hapa Nairobi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008, jopo lililoongozwa na jaji mstaafu Philip Ransley mwaka 2009 lilipendekeza mafunzo hayo yaongezwe muda na mtaala ubadilishwe, ili polisi ajione mtumishi wa raia badala ya askari wa kutisha raia. Sheria ya polisi ya 2011 ilizaliwa katika wimbi hilo la mageuzi.

Kituoni, somo la kwanza ambalo kila polisi amefunzwa ni Kifungu cha 49 cha Katiba. Kijana wetu lazima aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Hawezi kulazimishwa kukiri. Na lazima afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kuisha.

Hapa wengi hukosea hesabu. Kijana wetu alikamatwa Ijumaa jioni. Saa 24 zinaisha Jumamosi jioni, wakati mahakama haiko kazini. Katiba inasema katika hali hiyo muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata, yaani Jumatatu. Polisi wakimfikisha Jumatatu, hawajavunja sheria. Wakimfikisha Jumanne bila sababu nzuri ya kumweleza hakimu, wameivunja.

Mlalamishi naye ana lake. Malalamiko yake yaandikwe katika kitabu cha matukio, na apewe nambari ya OB. Bila nambari hiyo ni vigumu kufuatilia jambo lolote baadaye. Kama aliumizwa, apewe fomu ya P3 ili daktari aijaze. Fomu hiyo hainunuliwi. Dhamana ya polisi vilevile hailipiwi kitu. Ukiweka pesa taslimu kama dhamana, udai risiti ya serikali.

Hatua ya tatu: mpelelezi

Mpelelezi wa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, hupata mafunzo ya ziada katika akademia ya upelelezi iliyoko South C. Huko anafunzwa ufundi ambao mtu wa nje hauoni, lakini ndio unaoamua kesi.

Chukua simu yenyewe. Ikipatikana, lazima iandikwe nani aliipata, wapi, saa ngapi, alimkabidhi nani, na ilihifadhiwa wapi. Pengo likitokea katika mlolongo huo, wakili wa mshtakiwa atauliza kama simu iliyo mbele ya mahakama ndiyo ile iliyonyakuliwa. Chukua picha za kamera ya duka lililo jirani. Sheria ya Ushahidi inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kilichotiwa saini na mtu anayehusika na mtambo uliotoa ushahidi huo. Mpelelezi asiyelijua hilo anaweza kuwa na video safi kabisa, ikakataliwa.

Chukua pia gwaride la utambuzi. Abiria akisema anaweza kumtambua aliyemnyang'anya, polisi hawaruhusiwi kumwonyesha mtu mmoja na kumuuliza, "Ni huyu?" Kanuni, ambazo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilizieleza tangu 1936, zinataka mshukiwa apangwe pamoja na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na mwonekano. Shahidi asiwe amemwona kabla ya gwaride. Mshukiwa achague mwenyewe mahali pa kusimama. Gwaride likiharibika, ushahidi wa utambuzi unapoteza uzito wake, hata kama shahidi alisema kweli tupu.

Kukiri nako kuna masharti. Maneno ya kukiri hayakubaliki mahakamani ila yawe yametolewa mbele ya jaji, hakimu, au polisi wa cheo kilichotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kofi la kituoni halileti ushahidi, huharibu kesi tu.

Mwaka 2022 Maabara ya Kitaifa ya Uchunguzi wa Jinai ilifunguliwa katika makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu. Mitambo ni mizuri, lakini sampuli hutoka mikononi mwa polisi wa mtaani. Ikichukuliwa vibaya Muthangari au Riruta, maabara haiwezi kuitengeneza.

Hatua ya nne: kiongozi wa mashtaka

Zamani polisi ndiye aliyekamata, akapeleleza, kisha akasimama mahakamani kushtaki. Katiba ya 2010 ilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uhuru wake, na sheria ya afisi yake ikapitishwa mwaka 2013. Kidogo kidogo mawakili wa afisi hiyo, ODPP, walichukua nafasi ya polisi mbele ya mahakimu. Makao makuu yake yako Barabara ya Ragati, Upper Hill, na taasisi yake ya mafunzo iko Loresho.

Kazi ya kwanza ya kiongozi wa mashtaka ni kuamua kama kuna kesi, na kama ipo, ni ya kosa gani. Rudi kwa kijana wetu wa Odeon. Kama simu ilichomolewa mfukoni bila nguvu, kosa ni wizi kutoka kwa mtu, ambao adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 14. Lakini mlalamishi alisukumwa, na waliomsukuma walikuwa wawili. Mtu anayeiba akitumia nguvu huku akiwa na mwenzake anaweza kushtakiwa kwa wizi wa mabavu wa aina ambayo adhabu iliyoandikwa katika Kanuni ya Adhabu ni kifo. Tofauti ya miaka 14 na kifo inategemea taarifa ya mlalamishi, jinsi mpelelezi alivyoiandika, na jinsi kiongozi wa mashtaka alivyoipima. Hakuna mahali ambapo mafunzo yana uzito kuliko hapo.

Mwaka 2019 ODPP iliandaa miongozo ya uamuzi wa kushtaki na ya kuwaondoa watu katika mkondo wa mahakama pale kosa ni dogo na mlalamishi anaweza kufidiwa. Kwa hiyo kiongozi wa mashtaka aliyefunzwa vyema haonekani kwa wingi wa kesi anazofungua tu. Anajulikana pia kwa kesi anazokataa kuzifungua.

Hatua ya tano: wakili na hakimu

Mawakili wa Kenya hupita Chuo cha Sheria cha Kenya, kilichoko Karen. Kilianzishwa mwaka 1963. Kabla ya hapo, Mkenya aliyetaka kuwa wakili alilazimika kwenda ng'ambo, hasa Uingereza. Mwaka 1961 kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, na wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakasoma huko pamoja. Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha sheria mwaka 1970. Chuo cha Karen hufundisha pia wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua. Kwa mkazi asiye na pesa za wakili, hao ndio watu wa kwanza wa kuuliza.

Hakimu ni wakili aliyeajiriwa na Idara ya Mahakama, na huendelea kufunzwa na taasisi iliyoanzishwa mwaka 2008, ambayo sasa inaitwa Akademia ya Mahakama ya Kenya. Moja ya masomo yake ya msingi ni namna ya kupokea jibu la mshtakiwa. Uamuzi wa mwaka 1973 wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki uliweka utaratibu ambao unafuatwa hadi leo. Mashtaka yasomwe na kuelezwa kwa lugha ya mshtakiwa. Akikubali, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Kisha kiongozi wa mashtaka aeleze ukweli wa tukio, na mshtakiwa aulizwe kama anaukubali. Akisema, "Ndiyo nilikuwa hapo, lakini sikuchukua," hakimu hana budi kuandika kwamba amekana.

Kwa hiyo ukiwa Milimani au Kibera na mashtaka yanasomwa kwa lugha usiyoielewa, usitikise kichwa kwa kuogopa. Sema hujaelewa. Kifungu cha 50 kinakupa mkalimani bila malipo.

Hatua ya sita: baada ya hukumu

Kabla ya kutoa adhabu, hakimu anaweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huyo huenda mtaani, huzungumza na familia, majirani na mlalamishi. Ripoti yake inaweza kuleta kifungo cha nje, au agizo la huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 1998, ambapo mkosaji hufanya kazi ya umma bila malipo badala ya kufungwa. Agizo hilo hutolewa pale kifungo kinachofaa si zaidi ya miaka mitatu. Afisa wa probesheni akija kwako kuuliza habari za jirani, usimfukuze wala usimtungie. Anachoandika ndicho hakimu atakachosoma.

Maafisa wa magereza hufunzwa Ruiru, kaunti ya Kiambu. Kazi yao ilibadilika sana kuanzia mwaka 2003, Moody Awori alipokuwa makamu wa rais na kuanzisha mageuzi ya magereza. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu watu walionyimwa uhuru inaeleza wazi kwamba mfungwa anabaki na utu wake. Baadhi ya magereza yamekwenda mbali zaidi. Kituo cha Sheria, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, limewafunza wafungwa na maafisa wa Kamiti kuwa wasaidizi wa kisheria. Katika magereza ya Kenya na Uganda, wafungwa na maafisa wamesomea pia shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London. Mfungwa anayejua kuandika rufaa yake humpunguzia kazi hakimu, wakili na askari wa gereza.

Askari wa kaunti na makosa ya kaunti

Wakazi wengi wa katikati ya jiji hukutana na askari wa kaunti, ambao wengi bado tunawaita kanjo, kabla ya kukutana na polisi. Kazi yao ni kuhakikisha sheria za kaunti zinafuatwa: leseni za biashara, uchuuzi, maegesho, usafi. Kesi zake husikilizwa katika Mahakama ya Jiji. Askari hao si sehemu ya Huduma ya Taifa ya Polisi, lakini Katiba haikuwapa kipimo chepesi zaidi. Mtu aliyekamatwa na askari wa kaunti ana haki zote za Kifungu cha 49.

Kuna aya moja ya kifungu hicho ambayo kila mchuuzi aijue. Inasema mtu hawezi kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi ya biashara ndogondogo ni ya kiwango hicho. Uliza adhabu ya kosa unalotuhumiwa. Na bidhaa zako zikichukuliwa, omba orodha iandikwe na sababu itolewe kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinampa haki ya sababu za maandishi mtu ambaye uamuzi wa afisi ya umma umemuathiri au huenda ukamuathiri.

Watumishi wa kaunti na wa serikali ya kitaifa hupata kozi zao za utumishi katika Chuo cha Serikali cha Kenya, Lower Kabete. Mahali hapo pana historia ndefu. Mwaka 1925 palikuwa Shule ya Jeanes, ya kufunza walimu. Mwaka 1961 pakawa taasisi ya kufunza watawala wa nchi iliyokaribia uhuru, na mwaka 2012 sheria mpya ikapafanya chuo cha sasa. Lakini kozi ya Kabete haimsaidii mchuuzi wa Kawangware kama yaliyofundishwa hayafiki barabarani. Hilo hutegemea msimamizi anayemtuma askari kazini, na bajeti ya kumrudisha darasani.

Mafunzo yanapokosekana

Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru ilitoa hukumu ambayo kila mzazi anapaswa kuijua. Wasichana waliokuwa wamenajisiwa walienda mahakamani kwa sababu polisi hawakupeleleza malalamiko yao inavyostahili. Jaji alikubaliana nao. Alisema kushindwa kwa polisi kufanya upelelezi wa haraka na wa kitaalamu kulivunja haki za watoto hao, akaamuru kesi zao zipelelezwe. Baada ya hukumu hiyo, polisi walianza kufunzwa kwa mtaala maalum wa kupeleleza kesi za unajisi: namna ya kuzungumza na mtoto, namna ya kuhifadhi ushahidi, namna ya kufuatilia hadi mahakamani.

Funzo la Meru ni kwamba kutojua kazi si udhuru. Mzazi naye ana sehemu yake. Mtoto akidhulumiwa hivyo, mfikishe hospitalini mara moja kabla hajaoga. Nguo zake ziwekwe katika mfuko wa karatasi, maana plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Kisha nenda kituoni, upate nambari ya OB na P3.

Mambo matano ya kufanya

1. Andika. Nambari ya OB, jina au nambari ya askari, saa na tarehe. Afisa aliyefunzwa vizuri hawezi kuogopa kalamu yako.

2. Peleka malalamiko mahali panapohusika. Kuhusu polisi, nenda IPOA, jengo la ACK Garden, First Ngong Avenue. Kuhusu afisa wa kaunti au afisi nyingine ya umma, nenda Tume ya Haki ya Utawala, West End Towers, Waiyaki Way, Westlands. Kuhusu hongo, nenda Integrity Centre. Kuhusu mahakama, mahakama ina afisi ya kupokea malalamiko.

3. Tumia Kamati ya Watumiaji wa Mahakama. Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011 iliunda baraza la kitaifa la usimamizi wa haki, na kila kituo cha mahakama kina kamati inayowakutanisha hakimu, polisi, ODPP, magereza, probesheni na wawakilishi wa jamii. Uliza karani wa Kibera au Milimani inakutana lini na nani anawakilisha mtaa wenu.

4. Njoo kwenye vikao vya bajeti. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, taarifa ya mkakati wa fedha wa kaunti hufika bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya matumizi kufikia tarehe 30 Aprili. Wananchi hushirikishwa. Uliza: ni kiasi gani kimetengwa kwa mafunzo ya askari wa kaunti, na mwaka uliopita wangapi walifunzwa?

5. Kuwa shahidi mwema. Mpelelezi bora na kiongozi wa mashtaka bora hawawezi kitu kama aliyeona tukio haji kortini.

Maswali ya kujipima

Jibu kwanza mwenyewe, kisha linganisha na majibu yaliyo chini. Waweza kuyatumia katika chama, kanisani, msikitini au kwenye baraza la chifu.

a) Mtu amekamatwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Lazima afikishwe mahakamani kufikia lini?
b) Polisi wamemwonyesha shahidi mshukiwa mmoja aliye pingu na kumuuliza kama ndiye. Kuna kosa gani?
c) Mtoto wa miaka 11 amekamatwa kwa kuiba mkate Kangemi. Je, anaweza kushtakiwa?
d) Mshtakiwa anasema, "Nakubali, lakini nilipewa na rafiki." Hakimu aandike nini?

Majibu

a) Jumanne kabla ya saa tatu asubuhi. Kama mahakama haijafunguliwa saa hiyo, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. b) Hilo si gwaride la utambuzi, shahidi ameelekezwa jibu. c) La. Umri wa kubeba lawama ya jinai ni kuanzia miaka 12, na suala lake ni la malezi na ulinzi wa mtoto. d) Aandike kwamba amekana, kwa sababu maneno yake yanapinga kosa lenyewe.

Kata ukurasa huu uuweke mahali pa wazi nyumbani. Tunaomba usiuhitaji, lakini siku ukiuhitaji hutakuwa na nafasi ya kuutafuta.